Theluji ya Kilimanjaro na Joto la Dunia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu aliyezaliwa chini ya Kilimanjaro haachi kuulizwa habari za barafu. Naulizwa na wanafunzi wangu wa jiografia, na wageni wanaoteremka kutoka kileleni, na ndugu zangu wa Dar es Salaam waliotumiwa picha mbili za mlima, ya zamani na ya sasa, zikiwa na maneno ya kutisha chini yake. Siku hizi naulizwa pia na vijana waliosikia kwamba habari za ongezeko la joto duniani ni uongo mtupu, na kwamba Kilimanjaro ndiyo inayoufichua uongo huo. Pande zote mbili zimeushika mlima huohuo. Nimeyakusanya hapa maswali yanayorudi zaidi.

Barafu inapungua kweli, au ni maneno ya watu?

Inapungua, na hapo hakuna mtaalamu anayebisha. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, waliupiga mlima picha za upimaji, na ramani iliyotokana na kazi yao inaonyesha barafu ya takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 1953 ilikuwa chini ya 7. Mwaka 2000 zilibaki kama 2.6, na mwaka 2011 zilikuwa 1.76. Yaani katika miaka mia moja mlima umepoteza kama asilimia 85 ya barafu yake. Ubishi wote unahusu sababu.

Basi si wazi kwamba ni joto la dunia?

Hapa ndipo wengi wanapokwenda haraka mno, hata watu wenye nia njema.

Tazama tena tarehe hizo. Karibu nusu ya barafu ilikwisha kati ya 1912 na 1953, wakati magari na viwanda vya dunia vilikuwa vichache sana kuliko leo. Hata kabla ya hapo, Hans Meyer, aliyefika kileleni na Ludwig Purtscheller tarehe 6 Oktoba 1889, aliporudi mwaka 1898 alikuta barafu imesogea nyuma. Kwa hiyo kuna jambo lililoanza mapema, mwishoni mwa karne ya 19, kabla hewa ukaa yetu, gesi inayotoka tunapochoma makaa na mafuta, haijawa na nguvu ya kutosha kufanya kazi hiyo.

Jambo la pili ni baridi ya huko juu. Tangu Februari 2000 kuna mitambo ya kupima hali ya hewa kwenye uwanja wa barafu wa kaskazini wa Kibo, kilele kikuu cha Kilimanjaro, iliyowekwa na Douglas Hardy wa Chuo Kikuu cha Massachusetts. Wastani wa joto pale ni kama nyuzi 7 chini ya sifuri. Kwenye baridi hiyo hewa haiwezi kuiyeyusha barafu kama inavyoyeyuka kwenye bilauri mezani. Kinachoila ni jua kali la ikweta na ukavu: barafu inageuka mvuke moja kwa moja bila kupita kwenye maji. Ukiwahi kuona kuta za barafu za Kibo, zilizosimama wima na kuchongoka kama zimekatwa kwa shoka, umeiona kazi ya jua. Lakini kuigeuza barafu kuwa mvuke kunahitaji nishati kama mara nane ya kuiyeyusha, kwa hiyo barafu inakwenda polepole, isipokuwa kama haipati chakula kipya.

Chakula chake ni theluji. Wanasayansi wa barafu Georg Kaser wa Innsbruck, Austria, Thomas Mölg na wenzao wameeleza kwamba karibu na mwaka 1880 Afrika Mashariki iliingia katika kipindi kikavu zaidi. Ziwa Viktoria, lililokuwa limejaa sana miaka michache kabla, lilishuka. Mawingu na theluji vilipungua mlimani. Theluji mpya ni nyeupe, hulirudisha jua lilikotoka. Isiponyesha, barafu kuukuu iliyochafuka hubaki wazi na kulimeza jua lote. Kwa maelezo yao, basi, barafu ya Kibo imekuwa ikifa njaa zaidi kuliko ilivyokuwa ikifa kwa joto.

Kwa hiyo joto la dunia halihusiki kabisa?

Sikusema hivyo. Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Ohio State, aliyechimba vipande sita virefu vya barafu huko juu mwaka 2000, anawapinga Kaser na wenzake. Alikuta katika tabaka za juu za barafu alama za kuyeyuka na kuganda tena ambazo hazimo kwenye tabaka za chini za zamani, na kwake hiyo ni dalili kwamba miongo ya karibuni ina jambo jipya. Na hata wale wa hoja ya ukavu wanakubali kwamba unyevu wa Kilimanjaro unatoka Bahari ya Hindi, na bahari hiyo inapata joto. Inawezekana kabisa joto la dunia likaigusa barafu kwa kupitia mvua badala ya kuichoma moja kwa moja.

Msimamo wangu: ukavu ndio ulioanzisha, na joto la sasa linaongeza uzito juu ya mgonjwa aliyekwisha dhoofika. Ila sitamwambia mwanafunzi wangu kwamba picha mbili za Kibo zinathibitisha kazi ya hewa ukaa. Hazithibitishi.

Nilisikia mahakama ya Uingereza ilisema habari za Kilimanjaro ni uongo. Ni kweli?

Ni nusu ya kweli, na nusu iliyoachwa ndiyo kubwa. Mwaka 2006 Al Gore, aliyekuwa Makamu wa Rais wa Marekani, alitoa filamu kuhusu joto la dunia, na ndani yake barafu ya Kilimanjaro ilitajwa kama ushahidi. Serikali ya Uingereza ilipotaka filamu hiyo ionyeshwe mashuleni, mzazi mmoja alikwenda mahakamani. Oktoba 2007 Jaji Michael Burton wa Mahakama Kuu ya London alitaja mambo tisa yaliyovuka mpaka wa kile ambacho wanasayansi wengi wanakikubali. Kilimanjaro lilikuwa mojawapo: haikuwa imethibitishwa kwamba kupungua kwa barafu kule kunatokana hasa na shughuli za binadamu.

Lakini jaji huyohuyo alisema hoja kuu za filamu, kwamba dunia inapata joto na binadamu ndiye msababishi mkuu, zina msingi mzuri wa kisayansi. Hakuizuia isionyeshwe, aliagiza walimu wapewe maelezo ya kuwasaidia kutoa upande wa pili. Wanaokutumia kipande cha kwanza cha hukumu wanakificha cha pili.

Kama mlima wetu ni shahidi dhaifu, mashahidi wenye nguvu ni wapi?

Swali hili nalipenda kuliko yote, kwa sababu watu wengi hawajawahi kusimuliwa.

Elimu yenyewe ni ya zamani. Mwaka 1856 Mmarekani Eunice Foote alionyesha kwa chupa na vipimajoto kwamba hewa ukaa ikipigwa na jua hupata joto kuliko hewa ya kawaida. Mwaka 1859 John Tyndall alianza kupima maabara jinsi gesi hizi zinavyonasa joto. Na mwaka 1896, miaka saba tu baada ya Meyer kufika Kibo, Svante Arrhenius wa Sweden alikokotoa kwa mkono kwamba hewa ukaa ikiongezeka maradufu dunia ingepata joto la nyuzi 5 au 6. Alizidisha, makadirio ya sasa ya jopo la Umoja wa Mataifa, IPCC, ni kati ya nyuzi 2.5 na 4. Lakini alifanya hesabu hiyo kabla ya ndege kuruka, na mtu anayesema jambo hili limebuniwa na wanasiasa wa juzi hana jibu kwa Arrhenius.

Tangu 1958 hewa ukaa inapimwa kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, kazi iliyoanzishwa na Charles David Keeling. Alianza na sehemu 315 katika kila milioni. Leo ni zaidi ya 420. Viputo vya hewa ya kale vilivyonaswa kwenye barafu ya ncha ya kusini vinaonyesha kwamba kabla ya viwanda ilikuwa kama 280.

Tunajuaje kuwa ongezeko ni letu? Kaboni ina aina zake. Makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya mimea iliyokufa zamani mno, na kaboni yake haina kabisa ile aina yenye mnunurisho iitwayo kaboni-14, kwa sababu imekwisha oza yote. Hans Suess aligundua katika miaka ya 1950 kwamba kaboni-14 ya hewani inazimuliwa, kama maziwa yaliyotiwa maji. Tena, kiasi cha oksijeni hewani kinapungua kidogokidogo, jambo unalolitarajia pale kitu kinapochomwa.

Halafu kuna alama ambayo jua haliwezi kuiacha. Kama jua ndilo lingekuwa limeongeza makali, hewa yote ingepata joto, ya chini na ya juu. Vipimo vinaonyesha hewa ya chini inapata joto huku tabaka la juu, stratosfia, likipoa. Hivyo ndivyo hutokea unapoongeza blanketi: joto linabaki chini, juu hakifiki kitu.

Volkano je? Si zinatoa hewa ukaa nyingi kuliko sisi?

Hapana. Volkano zote za dunia, pamoja na Ol Doinyo Lengai yetu na Nyiragongo ya Kongo, hutoa kwa mwaka chini ya asilimia 1 ya ile inayotolewa na binadamu.

Na jua?

Satelaiti zimekuwa zikilipima jua tangu 1978. Linapanda na kushuka kwa mzunguko wa miaka 11 hivi, lakini halijaongezeka, ilhali joto limepanda.

Tabianchi imekuwa ikibadilika tangu zamani. Kwa nini tuogope sasa?

Ni kweli imekuwa ikibadilika, na Kibo ni shahidi mzuri wa hilo. Ndani ya barafu aliyoichimba, Thompson alikuta tabaka la vumbi la miaka kama 4,000 iliyopita, wakati ukame mkali ulipozikumba nchi nyingi za Afrika na Mashariki ya Kati. Kwangu hiyo ni sababu ya kuhofu zaidi. Inatuambia kwamba mvua za eneo hili zinaweza kukatika kwa muda mrefu, na wakati ule hapakuwa na mamilioni ya watu wanaokula mahindi na ndizi za kwenye miteremko hii.

Je, kuna mwanasayansi wa kweli anayepinga?

Wapo, wachache, na ni vizuri kuwasoma badala ya kuwatukana. Mfano wa karibu nasi ni John Christy wa Alabama, ambaye katika miaka ya 1970 alifundisha shule Nyeri, Kenya. Mwaka 2009 yeye na wenzake walichapisha utafiti wa vipimo vya Kenya na Tanzania vya karibu miaka mia. Walikuta joto la mchana halijapanda kwa kiasi cha kutajwa, bali joto la usiku limepanda, na wakaeleza kwamba mabadiliko ya matumizi ya ardhi yanaweza kuwa sababu. Hoja hiyo haifai kupuuzwa: ukikata msitu na kujenga mji, usiku wake hubadilika.

Lakini Christy huyohuyo, pamoja na Roy Spencer, ndio wanaosimamia rekodi ya satelaiti inayopendwa na wapinzani wa habari hizi, na rekodi yao wenyewe inaonyesha hewa imepata joto la kama nyuzi 0.15 kila muongo tangu mwishoni mwa 1978. Ubishi wao na wenzao ni juu ya kasi na madhara.

Mwingine ni Richard Muller wa Berkeley. Alitilia shaka vipimo vya nchi kavu, akakusanya timu, wakavipitia upya. Mwaka 2012 alitangaza hadharani kwamba amebadili mawazo: joto ni la kweli na karibu lote ni la binadamu. Namheshimu sana kwa hilo.

Waliwahi kusema barafu itakwisha kati ya 2015 na 2020. Mbona bado ipo?

Ni Thompson aliyesema hivyo, mwaka 2002, na hakupatia. Alichukua mwendo wa kupungua akaunyoosha mbele kama rula. Sehemu nene za uwanja wa kaskazini zimestahimili kuliko alivyotarajia. Utafiti uliofuata, ulioongozwa na Nicolas Cullen, umesogeza mwisho hadi karibu 2060, na UNESCO mwaka 2022 ilisema barafu ya Kilimanjaro na ya Mlima Kenya itakuwa imekwisha ifikapo 2050.

Kosa kama hilo lilitokea Himalaya pia: ripoti ya IPCC ya 2007 iliandika kwamba barafu ya kule ingeweza kutoweka kufikia 2035, na Januari 2010 wakakiri hadharani kuwa haikuwa na msingi. Makosa haya yanauma, kwa sababu kila tarehe inayopita bila kutimia hutumiwa kama rungu dhidi ya hata yale yaliyopimwa vizuri. Ningependa wanaotangaza tarehe za kutisha wakumbuke kwamba sisi tunaofundisha ndio tunaobaki kujibu.

Barafu ikiisha, maji yetu ya Moshi na Arusha yatakauka?

Watu wengi wa hapa wanaamini hivyo, na nimesikia hata viongozi wakisema mikutanoni. Karibu maji yote ya mlima huu yanatokana na mvua na ukungu wa ukanda wa msitu. Barafu iliyobaki ni ndogo mno kulisha mito, na sehemu kubwa inaondoka kama mvuke.

Kinachokausha chemchemi na mifongo (mifereji ya umwagiliaji) ya wazee wetu ni kingine. Mtaalamu wa mimea Andreas Hemp, aliyeuchunguza mlima huu kwa miongo kadhaa, ameonyesha jinsi moto ulivyoushusha mpaka wa juu wa msitu kwa mamia ya mita tangu miaka ya 1970. Miti ile ya juu, iliyojaa kuvumwani zinazoning'inia kama ndevu, hukamua maji kutoka kwenye ukungu. Ikiungua, ukungu unapita tu. Oktoba 2020 sote tuliuona moto mlimani usiku kwa siku nyingi, na Oktoba 2022 ukarudi. Huku chini tumekata, tumechoma mkaa, tumepanda hadi kwenye kingo za mito. Hali ya ukavu na joto inarahisisha moto kusambaa, lakini kiberiti kinawashwa na mtu.

Ndiyo maana nakasirika barafu inapochukua picha zote. Wageni wanalia juu ya theluji, wanapita msituni bila kugeuza shingo, na msitu ndio unaotunywesha.

Kuna ushahidi mwingine wa joto hapa kwetu, usio na utata mwingi hivyo?

Kahawa. Utafiti uliochapishwa 2015 ukiongozwa na Alessandro Craparo ulilinganisha mavuno ya arabika ya Tanzania na hali ya hewa tangu miaka ya 1960. Ulikuta kwamba kila joto la usiku linapopanda kwa nyuzi moja, mavuno hupungua kwa karibu kilo 137 kwa hekta. Kumbuka joto la usiku ndilo hata Christy alilikuta limepanda. Kwenye kihamba chetu, yaani shamba la ukoo, mibuni iliyobaki ni ya kuhesabu. Siwezi kusema yote ni joto, maana bei mbovu imeng'oa mibuni mingi kuliko jua, lakini joto lipo ndani yake.

Ziwa Tanganyika pia. Mwaka 2003 watafiti walionyesha kwamba maji ya juu ya ziwa yamepata joto na kuwa mepesi, yanaelea juu ya maji baridi bila kuchanganyika vizuri. Rutuba ya chini haipandi, vijimea vinapungua, na dagaa na migebuka vinakosa chakula. Wengine walijibu kwamba uvuvi uliokithiri ndio chanzo. Nadhani wavuvi wa Kigoma, Bujumbura na Uvira wanabanwa na vyote viwili.

Mbona masika yanakauka wakati wataalamu walisema mvua itaongezeka?

Hili bado ni fumbo hata kwao. Kuanzia miaka ya 1980 masika ya Afrika Mashariki yalipungua kwa miongo kadhaa, huku programu za kompyuta zikitabiri mvua zaidi. Kisha ikaja miaka ya mafuriko, kama 2020 na 2024. Katikati yake, Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano mfululizo kuanzia Oktoba 2020. Wachambuzi wa World Weather Attribution, kundi la wanasayansi linalochunguza mchango wa joto la dunia katika majanga ya hali ya hewa, walikadiria kwamba joto la dunia liliufanya ukame ule uwezekane angalau mara 100 zaidi, hasa kwa sababu ardhi yenye joto hupoteza maji haraka. Atakayekuambia anajua masika ya 2050 yatakuwaje, muulize alilitatua vipi fumbo hili.

Hizi si njama za mataifa tajiri, tusichimbe mafuta na gesi yetu?

Swali hili linaulizwa kwa uchungu, hasa baada ya Bunge la Ulaya kupitisha azimio Septemba 2022 dhidi ya bomba la mafuta la Hoima hadi Tanga. Afrika nzima hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ukaa ya dunia. Anayewasha makaa ya mawe tangu karne ya 18 kumzuia anayeanza leo si haki, na haki hiyo naidai pamoja nawe.

Ila tusichanganye mambo mawili. Kama tajiri ana unafiki, hilo halibadilishi kile ambacho Foote alikiona kwenye chupa. Na elimu hii haiko Ulaya pekee: Profesa Pius Yanda wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliwahi kuwa makamu mwenyekiti wa mojawapo ya makundi ya kazi ya IPCC. Tukisema joto ni uongo tunapoteza dai letu lenyewe, kwa kuwa hakuna fidia ya madhara ambayo hayapo.

Ni kweli wazungu waliwahi kukataa kwamba Kilimanjaro ina theluji?

Kweli. Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliiona tarehe 11 Mei 1848, akiwa na kiongozi wa msafara Bwana Kheri, ambaye weupe ule aliuita "baridi" tu. Habari zilipofika London, mwanajiografia William Desborough Cooley alizikanusha kwa miaka, bila kuwahi kukanyaga huku. Ilibidi mpelelezi Mjerumani Baron von der Decken aje mwenyewe mwanzoni mwa miaka ya 1860 ndipo wengi wakakubali.

Nikipanda mwaka huu nitaiona barafu?

Utaiona. Ukitoka Stella Point kuelekea Uhuru, tazama kushoto: mabaki ya barafu ya Rebmann na jirani zake yananing'inia kwenye mteremko wa kusini. Kulia, ndani ya kreta, kuna vipande vya barafu ya Furtwängler, na mbali zaidi uwanja wa kaskazini. Usichanganye na theluji ya usiku uliopita. Hiyo huja na kwenda kwa siku chache, na ndiyo inayowadanganya watu wa Moshi kwamba barafu imerudi. Barafu ya zamani ina mistari, ya kijivu na buluu, na vumbi katikati.